Fahari barabarani, kilio gereji: Masaibu ya magari makubwa ya kifahari

KATIKA barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, gari kubwa la kifahari limekuwa kitambulisho cha mtu aliyefaulu maishani. Wanasiasa, mawakili, wanakandarasi na hata vijana wenye biashara chipukizi huona fahari kuteremka kutoka kwa Range Rover, BMW X5 au Porsche Cayenne mbele ya umati.

Hata hivyo, nyuma ya rangi inayong'aa na viti vya ngozi kuna kilio kisichosikika ila katika gereji. Mengi ya magari haya hayauawi na ajali wala mashimo ya barabarani. Huuawa na kipande cha plastiki kilichopasuka, maji ya kupoza injini yakachuruzika tone kwa tone, hadi injini ikachemka na kuharibika kabisa.

Wahenga walisema kwamba nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Anayetaka kuyaelewa masaibu haya hana budi kufungua boneti.

Injini yoyote huzalisha joto jingi inapochoma mafuta. Sehemu ya joto hilo hutoka kwa moshi, na sehemu nyingine huchukuliwa na mchanganyiko wa maji na dawa maalumu unaozungushwa na pampu kutoka kwa injini hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na upepo na feni. Mchanganyiko huo ndio mafundi wengi wa Kenya huuita kulanti.

Mfumo huu hufanya kazi ukiwa umefungwa na wenye shinikizo. Shinikizo hilo ndilo huzuia maji kuchemka mapema. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ndani ya mfumo usiovuja, huweza kupita nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ufa ukitokea, shinikizo hutoweka, na kinga hiyo huenda nayo.

Hapa ndipo jiografia ya Kenya inapoingia. Pwani, maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na humo maji huchemka kwa karibu nyuzi 94. Timboroa, katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, ni mita 2,700 hivi, na kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 91.

Injini nyingi za kisasa zimeundwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 90 hadi zaidi ya 100, ili zitumie mafuta vyema na kupunguza uchafuzi wa hewa. Maana yake ni kwamba gari lililopoteza shinikizo, kisha likajazwa maji ya mfereji, linaweza kuchemka jijini Nairobi hata likiwa katika joto lake la kawaida. Si lazima lipande mlima wala libebe mzigo.

Swali ni kwa nini magari ya bei ghali kiasi hiki yavuje. Jibu mojawapo ni plastiki. Kwa miongo kadhaa sasa, watengenezaji wamekuwa wakiacha chuma na kutumia nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo kuundia mabomba, vichwa vya rejeta na matangi ya akiba. Plastiki hiyo ni nyepesi, haigharimu pesa nyingi, na hukubali umbo lolote.

Udhaifu wake ni umri. Kila injini inapopata moto na kupoa, plastiki hutanuka na kusinyaa. Miaka inavyopita hukauka, ikawa kama ganda la yai, na mtikisiko mdogo tu ukatosha kuipasua.

Mifano ni mingi na inajulikana duniani kote. Katika Porsche Cayenne za kwanza zenye injini ya V8, mabomba ya plastiki yaliwekwa kati ya safu mbili za silinda, mahali penye joto kali na pasipofikika kwa urahisi. Yalipopasuka, kulanti ilimwagika ndani ya injini pale ambapo dereva hawezi kuiona. Wamiliki nchini Marekani walienda kortini, na mwaka wa 2012 jaji katika jimbo la Ohio akaruhusu baadhi ya madai yao yaendelee. Kesi ilimalizwa kwa maelewano. Tiba iliyozoeleka ya tatizo hilo ni kuweka mabomba ya alumini.

Range Rover na Land Rover Discovery zenye injini za petroli za lita 5.0 na lita 3.0 nazo zimejulikana kwa mabomba ya plastiki yaliyoundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa. Yanapozeeka, hufumuka penye kiungo. BMW X5 za zamani zenye injini ya V8 ziliponzwa na mpira mdogo unaoziba bomba lililo katikati ya injini. Mpira wenyewe ni kitu kidogo, lakini kuufikia kwa njia ya kawaida humlazimu fundi kufungua sehemu kubwa ya injini.

Tukirejea Kenya, sheria hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo, iliyo katika kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), ilinuiwa kuzuia nchi isigeuzwe jaa la vyuma vikuukuu. Nia hiyo ni njema. Lakini umri wa bodi ni jambo moja, na umri wa plastiki iliyofichika chini ya injini ni jambo lingine.

Mnunuzi wa kwanza nchini Uingereza au Japani hulitumia gari likiwa chini ya dhamana ya kiwanda, ambayo kwa kawaida haizidi miaka michache. Dhamana inapokwisha na matengenezo yanapoanza kugharimu, gari huuzwa. Linapoteremshwa katika bandari ya Mombasa likiwa na miaka saba, plastiki yake imekaribia ukingoni. Mkenya hununua fahari ya mwenzake pamoja na deni alilolikimbia.

Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa hulenga zaidi usalama wa barabarani: breki, taa, usukani, magurudumu na hali ya bodi. Bomba ambalo bado halijapasuka siku ya ukaguzi halina la kumshtua mkaguzi. Miezi sita baadaye, katika msongamano wa magari wa Thika Road, hupasuka.

Kuna wanaodai kwamba haya ni matatizo ya matajiri, na kwamba mwananchi wa kawaida anayesukumana ndani ya matatu hayamhusu. Dai hilo halina mashiko.

Kwanza, wengi wa wanunuzi si matajiri. Ni wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo waliovutiwa na bei ya gari kubwa lililotumika, ambayo wakati mwingine hukaribiana na ya gari dogo jipya. Huchukua mkopo, na kitabu cha umiliki hubaki na benki. Injini ikiungua, gari husimama lakini mkopo hausimami. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Pili, magari ya aina hii hununuliwa pia kwa pesa za umma. Ripoti ya mwaka wa 2006 ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na shirika la Transparency International tawi la Kenya ilionyesha kwamba serikali ilitumia zaidi ya Sh878 milioni kununulia magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004. Mnamo Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta aliagiza maafisa wa serikali watumie magari yenye injini zisizozidi cc 1,800. Miaka iliyofuata, magari makubwa yaliendelea kuonekana katika misafara ya wakubwa. Bei ya kununulia hutangazwa na kujadiliwa. Gharama ya kuyatunza ni nadra kusikika, ilhali mlipaji ni yule yule abiria wa matatu.

Lawama haziwezi kuelekezwa kwa waagizaji pekee. Madereva wengi hupuuza dalili za mapema: harufu tamu ndani ya gari, doa la majimaji chini yake asubuhi, au tangi la akiba linalohitaji kujazwa kila wiki. Wengine huitegemea mno mishale ya dashibodi. Katika magari mengi ya kisasa mshale wa joto huwekwa usisogee hadi hali iwe mbaya. Isitoshe, kulanti ikiisha kabisa, kihisio hubaki kikipima hewa badala ya maji, na kinaweza kumdanganya dereva kwamba mambo ni shwari.

Nao baadhi ya mafundi wa jua kali huongeza chumvi kwenye kidonda. Gari likichemka, hatua yao ya kwanza huwa ni kung'oa themostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, na kumimina maji ya mfereji. Maji hayo huleta kutu na ukoko unaoziba njia ndogo za rejeta. Dalili hufichwa kwa muda, huku ugonjwa ukiendelea kula ndani. Kichwa cha injini cha alumini kikishapinda, gasketi huungua, maji hukutana na oili, na dereva huanza kuona moshi mweupe. Hapo gharama huwa si ya bomba tena, bali ya injini nzima.

Kulaumu fundi bila kumpa ujuzi ni kumwonea. Magari haya yanahitaji kompyuta za uchunguzi na vifaa vya kupimia shinikizo, ambavyo gereji nyingi za mitaani hazina. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) hutahini mafundi na kuwapa vyeti vya gredi. Vyuo vya kiufundi vingefaa kulipa somo la mifumo ya kupoza uzito unaolingana na magari yaliyojaa barabarani leo.

Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ilitungwa kutilia nguvu haki hiyo. Lakini katika yadi nyingi, mteja huonyeshwa redio na kamera ya nyuma. Haonyeshwi rekodi ya matengenezo.

Hatua mbili zingepunguza maumivu. Ukaguzi wa magari yanayoingizwa ujumuishe kipimo cha shinikizo la mfumo wa kupoza, kazi isiyochukua muda mrefu. Na muuzaji awe na wajibu wa kumkabidhi mteja historia ya matengenezo ya gari, au kukiri kwa maandishi kwamba haipo.

Kwa sasa, mnunuzi ajikinge mwenyewe. Amlipe fundi huru akague gari kabla ya kutia sahihi, atenge pesa za kubadilisha mabomba ya plastiki mapema, na gari likichemka alisimamishe mara moja bila kufungua kifuniko hadi lipoe. Bomba ni kitu kidogo kikilinganishwa na injini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa gari la kifahari haujengwi kwa pesa ndogo.