KONA YA MWALIMU: Kichwa Kimeumia, Pombe Ikae Mbali

Mwezi huu tuongee jambo ambalo kwenye bloku zetu tunalichukulia kama mchezo: mtu kuumia kichwa, na pombe.

Tunajua inavyokuwa. Mtu ametoka kunywa kasiksi au lutuku, anaanguka na baiskeli, au ugomvi unazuka anapigwa fimbo ya kichwa. Watu wanambeba hadi kwake wanasema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Ndugu zangu, maneno hayo yanaua. Mlevi anaongea kwa kujikokota, anayumba, anatapika, anasinzia. Na mtu ambaye damu inavuja ndani ya fuvu naye anafanya vile vile! Kwa macho tu huwezi kuwatofautisha. Fuvu ni mfupa, halipanuki. Damu ikizidi mle ndani inaukandamiza ubongo, na asubuhi mnaweza kukuta amekwisha kufa.

Basi mlevi aliyegonga kichwa ni mgonjwa, siyo mtu wa kuchekwa. Mpelekeni zahanati usiku ule ule, hasa mkiona haya:
- haamki akiitwa, au alizimia hata kidogo;
- anatapika mara kwa mara;
- mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya lingine;
- damu au maji yanatoka puani au masikioni;
- anapata degedege, au upande mmoja wa mwili umelegea.

Njiani msimkunje shingo. Akitapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja. Msimpe aspirini, inazidisha kuvuja damu.

Waganga wana kipimo kinachoitwa cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974. Wanaangalia macho, maneno na mikono na miguu, halafu wanatoa alama kuanzia 3 hadi 15. Pombe inaweza kushusha alama hizo, kwa hiyo mwambieni mganga ukweli: amekunywa nini, na huwa anakunywa kila siku au la. Msione aibu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla, ndani ya siku 2 au 3 anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Mganga akijua mapema atamwandalia dawa.

Sasa amerudi nyumbani, namshukuru Mungu. Hapo ndipo marafiki wanakuja na kidumu, eti kumpa pole. Mama, kataa. Ubongo ulioumia unahitaji muda wa kupona, na pombe inaurudisha nyuma kwa njia nyingi:

Kwanza, kile kikombe kimoja ambacho zamani hakikumfanya kitu, sasa kinamlevya. Tayari anayumba kwa sababu ya jeraha, pombe inaongeza. Anaanguka tena, na kugonga kichwa mara ya pili kabla hakijapona ni hatari kuliko mara ya kwanza.

Pili, jeraha la ubongo linaweza kuleta kifafa, na pombe inakichochea. Kama amepewa fenobabitali, akichanganya na pombe anaweza kulala asiamke, maana vyote viwili vinapunguza pumzi.

Tatu, kusahau, kukosa usingizi, hasira za ghafla. Wamama wengi wanasema, "Mume wangu amebadilika." Kweli, jeraha lenyewe linabadilisha tabia, siyo kwamba amerogwa. Lakini pombe inazidisha hasira, na anayepigwa ni mke na watoto.

Tena wazee wetu, na waliokunywa miaka mingi, damu inaweza kuvuja polepole. Wiki 2 au 3 baadaye ndo kichwa kinamuuma kila siku, anachanganyikiwa, anaburuta mguu. Msiseme ni uzee. Rudini hospitali.

Wataalamu wengi wanashauri aache pombe kabisa. Hatuwezi kumwachia peke yake kazi hiyo. Kama nyumbani kwake ndiko pombe inakouzwa, familia ikae chini iongee, hata kama pesa ya chumvi na sabuni inatoka hapo. Rafiki, ukienda kumtazama, peleka matunda au uji, piga naye stori taratibu. Na ninyi vijana wa pikipiki, vaeni helmeti, na ukishakunywa tembea kwa miguu.

Fuvu tumepewa moja tu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.