Mshambuliaji Hulelewa Kabla ya Kununuliwa

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vibaraza vya Mohoro hugeuka kuwa mabunge. Wavuvi waliorudi na kamba, wakulima wa mpunga, walimu, watumishi wa kata na vijana wa bodaboda huketi pamoja, na hoja huwa moja: nani asajiliwe, nani aachwe, na hasa nani akabidhiwe kazi ya kupachika mabao. Huyu adai timu yake yahitaji mshambuliaji mwenye kifua cha kuwabeba mabeki. Yule ajibu kuwa mbio ndizo zinazotakiwa. Hali ni hiyo hiyo Utete, Kibiti na Nyamisati, na ng'ambo ya maji pia, Mafia na katika visiwa vya delta, ambako redio hubishana na mawimbi hadi usiku wa manane.

Sisi hatuubezi mjadala huu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, nazo ni sehemu ya historia ya wananchi wa pwani. Mtu anayepima uwezo wa mchezaji, akalinganisha gharama na faida, na kusikiliza hoja ya mpinzani wake bila kumvunjia heshima, anajizoeza kufikiri. Laiti mikutano yetu yote ya vijiji ingehudhuriwa kwa ari ya namna hiyo! Hata hivyo, twaona kuwa mjadala wenyewe una upungufu mkubwa. Waanzia mwisho. Wauliza nani anunuliwe, wala hauulizi nani amelelewa.

Tuyatazame mambo kwa mizani. Kwa misimu minane ya Ligi Kuu, kuanzia ule wa 2017/18 hadi ule wa 2024/25, orodha ya wafungaji bora ina majina ya Emmanuel Okwi wa Uganda, Meddie Kagere wa Rwanda aliyeongoza mara mbili mfululizo, Fiston Mayele wa Kongo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi waliolingana kwa mabao 17 kila mmoja, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso aliyefunga 21, na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast aliyefunga 16. Watanzania walioongoza katika misimu hiyo yote ni wawili tu: John Bocco wa Simba msimu wa 2020/21, na George Mpole wa Geita Gold msimu uliofuata.

Wako wanaoitazama orodha hiyo na kusema: basi wageni wafukuzwe. Hapo hatukubaliani nao. Idadi ya wageni wanaoruhusiwa kusajiliwa na klabu moja ilipandishwa kutoka 7 mwaka 2015 hadi 10 mwaka 2018, na baadaye ikafika 12. Ni kweli kuwa katika kipindi hicho hicho soka la klabu zetu limepanda ngazi. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ikawashinda USM Alger kwao Algiers bao 1-0, ikalikosa kombe kwa sababu tu ya mabao mawili iliyofungwa nyumbani. Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, ikazuiwa na RS Berkane ya Morocco. Kabla ya hapo, tangu fainali ya Simba ya Kombe la CAF mwaka 1993, tulikuwa watazamaji wa fainali za wenzetu. Asiyeuona mchango wa wageni katika hatua hizo hana insafu.

Lakini mgeni ana kwao. Mayele alifunga mabao, akashangiliwa hadi katika vijiji visivyofikiwa na gari, kisha mwaka 2023 akaenda Pyramids ya Misri. Hakufanya kosa lolote. Ndiyo kazi yake. Swali letu ni hili: alipoondoka, aliacha nini nyuma ambacho kijana wa Mohoro angeweza kukishika? Klabu ilirudi sokoni kutafuta mwingine. Yeyote ajuaye kilimo cha mlau ataelewa tunalosema. Mkulima wa mlau hangoji maji ya mto yapungue ndipo aanze kuulizia mbegu. Mbegu huwa ndani, nayo aliiweka yeye mwenyewe.

Wala si kweli kwamba ardhi yetu haizai wafungaji. Mwaka 1979 bao la Peter Tino katika mji wa Ndola liliwazuia Wazambia kwao, nasi tukapata tiketi ya kwenda fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos. Timu ile ilitokana na ligi ya nyumbani. Baada ya hapo tulingoja miaka 39, hadi mwaka 2019, ndipo tukarudi. Na mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN ambayo ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, Taifa Stars ilifika robo fainali na kutolewa na Morocco kwa bao moja tu. Mabao yote mawili yaliyoishinda Madagascar yalifungwa na Clement Mzize, kijana aliyepitia kikosi cha vijana cha Yanga. Basi mbegu ipo. Ila kitalu ni kidogo mno.

Katika jambo hili yafaa tutupe macho mbali kidogo. Marekani, ambako ubepari umejenga kasri yake, kuna mpira wao unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Ligi yao kubwa ina klabu 32. Tangu mwaka 1936, wachezaji vijana wanaoingia katika ligi hiyo huchaguliwa kwa zamu, na klabu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, huku bingwa akingoja mwisho. Nao washabiki wao hubishana miezi mizima, kama sisi. Mathalan, hugombana kama inafaa kuitumia nafasi ya kwanza kwa kumchukua mkimbiza mpira, yule apenyaye katikati ya maadui, ama kuwachukua kwanza wale wenye miili mikubwa wanaomfungulia njia. Hoja ya pili ilipata nguvu kiasi kwamba katika miaka ya 2013 na 2014 hapakuwa na mkimbiza mpira hata mmoja aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza.

Tunajifunza nini? La kwanza, hata mabepari wametambua kuwa ligi ambayo tajiri huchukua kila kitu mwisho wake ni kudumaa. Kwetu Tanzania Bara, tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, kombe halijatoka tena nje ya Dar es Salaam. Enzi za Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986 na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988 zimebaki kuwa hadithi za wazee.

La pili, na ndilo kubwa zaidi, foleni ya vijana wanaochaguliwa kule haikuota kama uyoga. Wamelelewa shuleni na katika vyuo vikuu, wana viwanja, wana walimu, na kumbukumbu zao zimeandikwa. Uchaguzi huja baada ya malezi. Hatusemi tuige utaratibu wao, kwani soka letu lina sheria zake za mikataba na uhamisho. Twasema tu kwamba hakuna utaratibu wa kuchagua, uwe wa haki au wa dhuluma, unaoweza kuchagua mtu ambaye hakuandaliwa.

Sasa turudi nyumbani. Mbwana Samatta alianza soka lake Mbagala, katika klabu ya Mbagala Market iliyokuja kuitwa African Lyon. Mbagala ndiko wanakoshukia wasafiri wetu wa barabara ya Kilwa. Kutoka hapo alikwenda Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi alikotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Mbagala ni karibu nasi kwa basi. Lakini kwa kijana wa Salale au Mbwera, ambaye safari yake hupangwa na maji kujaa na kupwa, hiyo Mbagala ni mbali kama Ubelgiji.

Ipo sheria moja ambayo vibaraza vyetu haviijadili, nayo ina fedha ndani yake. Kanuni za FIFA zaagiza kuwa mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila msimu kuanzia miaka 16, nusu ya asilimia moja. Tufanye hesabu. Kijana akilelewa na klabu ya kijiji misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15, na siku moja akauzwa nje kwa shilingi bilioni 1, klabu ile ina haki ya shilingi milioni 10. Lakini haki hiyo huthibitishwa kwa maandishi. Kama klabu haikusajiliwa, na kijana hakuandikishwa, fedha hizo haziwezi kufika Mohoro. Hakuna aliyetuibia, ni sisi tuliokosa daftari.

Kwa hiyo twasema yafuatayo. Viongozi wa klabu za vijiji waziandikishe timu zao katika vyama vya soka vya wilaya, na kila mtoto, wa kike na wa kiume, aandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa na msimu aliochezea. Maofisa michezo wa halmashauri za Rufiji na Kibiti wasingoje UMITASHUMTA na UMISSETA ziwaletee vipaji. Wapande mashua, wavifuate visiwani. Na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 yaliyozamisha nyumba na mashamba yetu, kila panapopimwa viwanja vya makazi kwa waliohama mabondeni, papimwe pia uwanja wa michezo katika ardhi ya juu, uwekewe mipaka na hati, ili asitokee mtu wa kuugawa kesho kwa jina la maendeleo.

Nanyi washabiki, mnaojua kwa moyo majina ya wageni 12 wa timu yenu, tunawaomba jambo dogo. Siku dirisha la usajili litakapofunguliwa tena, mkishamaliza kumchagua mshambuliaji wenu wa Abidjan au Kinshasa, ulizaneni: nahodha wa timu ya vijana ya kata yetu ni nani, na ana viatu?