Tupa magongo, moja baada ya jingine

MSOMAJI mpenzi, ikiwa nyumbani kwako kuna kijana na mtambo wa michezo ya televisheni, bila shaka waijua kelele ya magari yanayoshindana sebuleni hata wakati wa taarifa ya habari. Leo sikusudii kukufundisha namna ya kuizima kelele hiyo. Nakusudia kukusimulia jambo nililojionea majuzi nyumbani kwa dada yangu, nami naamini litakufaa, uwe mzazi au mwanafunzi.

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, hujiona bingwa wa Gran Turismo, mchezo uliotolewa kwanza nchini Japani mwaka wa 1997. Jioni hiyo alinishinda mara nne mfululizo, na kila mara akiniuliza, "Mjomba, umelala?" Mara ya tano niliingia kwenye mipangilio nikazima visaidizi vyote. Kona ya kwanza gari lake liliishia nyasini. Ya pili lilizunguka kama pia. Ya tatu hakuifikia, kwani kontrola ilikuwa imekwisha kurushwa ukutani.

"Mtambo huu ni mbovu!" akafoka.

Dada yangu akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Kaka, umeona mwenyewe? Akiirusha tena, mtambo unauzwa." Nawe wajua, neno la mama halina rufaa.

Sasa, msomaji, visaidizi hivyo ni nini? Ni mikono isiyoonekana inayomwongoza mchezaji. Kuna mstari uliochorwa barabarani kukuonyesha njia na mahali pa kufunga breki. Kuna ABS, inayozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki. Kuna kidhibiti cha mvuto, kinachopunguza nguvu ya injini magurudumu yakianza kuzunguka ovyo. Na kuna kile cha kulituliza gari linapotaka kugeuka mkia mbele. Vyote ni magongo. Mwenye mguu mgonjwa huyahitaji, lakini hakuna aliyejifunza kukimbia akiwa nayo.

Wazee wetu walishindana bila magongo hayo. Joginder Singh alishinda mbio za Safari mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Kampuni ya Bosch ilianza kuuza ABS ya kielektroniki mwaka wa 1978. Katika mbio za Formula One nako, ABS ilipigwa marufuku mwaka wa 1994, na tangu 2008 hata kidhibiti cha mvuto hakiruhusiwi.

Ugumu wa kontrola ni udogo wake. Dereva wa gari hukanyaga breki kwa mguu mzima. Mchezaji ana kifyatulio ambacho safari yake ni fupi kuliko upana wa kidole, na kijiti cha usukani anachokisukuma kwa dole gumba. Mpwa wangu alikuwa na desturi ya wengi: kifyatulio ama amekibana chote, ama amekiachilia chote. Maadamu visaidizi vilikuwapo, vilimsamehe. Vilipoondoka, hapakuwa na wa kumsamehe.

Nilimketisha nikamweleza hivi. Tairi lina kiasi kimoja tu cha nguvu ya kushika barabara. Kiasi hicho hugawanywa kati ya kufunga breki, kukata kona na kulisukuma gari mbele. Ni kama mshahara wa mama yako. Ukiumaliza wote kwa kodi ya nyumba, hutabaki na wa chakula. Ukiumaliza wote kwa breki, hutabaki na wa kukata kona. Gurudumu likikwama, hata ukigeuza usukani vipi, gari litajiendea mbele moja kwa moja.

Kisha tukakubaliana kutupa magongo polepole. Kijana uliye na kontrola mkononi, nisikilize vizuri.

Kwanza, chagua gari lisilo na nguvu nyingi na kiwanja kimoja kifupi. Sisi tulichagua Tsukuba, kiwanja cha Japani. Usibadilishe gari wala kiwanja mpaka ukijue kama njia ya kwenda dukani.

Pili, zima mstari wa barabarani. Badala yake tafuta alama zako: bango, kivuli, mwisho wa ukuta. Hapo utaanza kuitazama barabara badala ya kufuata rangi.

Tatu, punguza kidhibiti cha mvuto. Katika Gran Turismo 7 ya mwaka wa 2022, kidhibiti hicho kina ngazi za 0 hadi 5, basi shuka ngazi moja kwa siku. Unapotoka konani, ongeza mafuta kadiri kijiti cha usukani kinavyorudi katikati. Mkono wa kushoto ukifungua, wa kulia ndio ubane. Mkia ukianza kuteleza, badili gia ya juu mapema ili nguvu ipungue.

Nne, ABS iwe ya mwisho. Bana breki ukiwa ungali umenyooka, kwa nguvu lakini bila kufika mwisho wa kifyatulio. Sikiliza matairi. Yakianza kulia, achilia kidogo tu, kisha uzidi kulegeza kadiri unavyoingia konani.

Juma la kwanza mpwa wangu alikuwa mzito kama lori la mchanga. Alitamani kurudisha visaidizi, nami sikumcheka. Juma la pili aliacha kuzunguka. Jumamosi iliyofuata akaenda kushindana na vijana wenzake wanane mtaani, ambako sheria ilikuwa visaidizi vizimwe.

Kabla sijakueleza yaliyotokea, neno moja kwa wazazi na vijana: sebule si barabara. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuendesha gari barabarani, hata awe na vikombe vingapi vya televisheni. Na katika gari la kweli, ABS haipo kwa ajili ya waoga. Ipo ili uweze kukwepa mtoto aliyekimbilia mpira huku ukiwa umekanyaga breki. Hatari ikitokea, kanyaga kwa nguvu, usiachilie, na uongoze usukani. Barabarani hakuna kitufe cha kuanza upya.

Haya, turudi mtaani. Mpwa wangu alikuwa wa pili hadi kona ya mwisho. Hapo mkia uliteleza, wawili wakampita, akamaliza wa nne. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, naye kama mimi aliitazama ile kontrola.

Kijana aliishika kitambo, akavuta pumzi, akaiweka mezani taratibu. "Mjomba," akasema, "nilikanyaga mafuta mapema."

Hakusema mtambo ni mbovu. Alijua kosa ni la nani na lilitokea wapi, na ajuaye hayo anaweza kulirekebisha. Dada yangu hakusema kitu, ila tangu siku hiyo sijasikia tena habari za kuuza mtambo.

Nami? Jumapili iliyopita alinishinda tena, visaidizi vikiwa vimezimwa. Hakuniuliza kama nimelala.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.