Kishikwambi Kikae kwa Mwalimu

Toleo hili linahusu teknolojia katika madarasa ya awali, na msimamo wetu tunauweka wazi mapema: kwa mtoto wa miaka mitano anayesoma Kaole, Zinga au Saadani, hapa Bagamoyo, kifaa chenye faida ni kile kinachomwongezea mwalimu nguvu ya kufundisha. Vifaa vyenyewe vipo. Baada ya Sensa ya 2022, serikali iligawa vishikwambi kwa walimu wa shule za umma. Lililobaki ni kuamua vitumike vipi, na hapo ndipo mjadala unapoanza.

Wanaotaka kila mtoto ashike chake hutaja mkoa wa Tanga, na wana haki ya kuutaja. Kuanzia 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Ni mafanikio makubwa. Lakini wengi wa watoto hao walikuwa wameshapita umri wa chekechea, na hawakuwa na shule wala mwalimu. Jaribio lilionesha kifaa kinaweza nini pale pasipo na mtu wa kufundisha. Halikupima darasa lenye mwalimu, na kulitumia kama hoja ya kumweka mwalimu pembeni ni kulibebesha mzigo lisioweza kuubeba.

Ushahidi unaotufaa zaidi uko ng'ambo ya bahari, Zanzibar, ambako mradi wa RISE ulioanza 2006 ulitumia redio. Vipindi vya Tucheze Tujifunze vilitengenezwa vikiwa na vituo: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu, wanaimba, wanaruka, wanahesabu vijiti, na mlezi anaongoza. Kazi kubwa ilifanyika redio ikiwa kimya. Kishikwambi cha mwalimu kinaweza kufanya hivyohivyo: kutoa wimbo au hadithi, kisha kuwekwa chini watoto wakipanga kome na simbi kwa ukubwa, au kurekodi sauti ya mtoto akisimulia, aisikie na kuirekebisha mwenyewe.

Wapo watakaosema madarasa yamefurika, kwamba kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja ni cha kwenye karatasi, hivyo afadhali kioo cha kishikwambi kuliko kukosa kabisa. Msongamano ni kweli, na unatuuma. Ila watoto wengi wakishindania vioo vichache, mwalimu huwa msimamizi wa foleni. Sauti moja inayosikika kwa wote huwafikia wote kwa pamoja. Wengine wanakataa kioo chochote, wakitaja mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, unaotaka mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huo unakemea kukaa tu mbele ya kioo, na kwa hilo tuko upande mmoja nao.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa elimu na walimu wakuu wa Bagamoyo: kabla ya kuagiza vifaa vipya, toeni kabatini vile vilivyopo, wapeni walimu wa awali mafunzo ya kuvitumia, na waombeni wasanii wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wawarekodie nyimbo na hadithi za pwani hii.