DAWA YA SIKU TATU SI PEREMENDE

Juma lililopita nilisimama katika duka moja la dawa mjini. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja mwenye mafua na kikohozi. Akasema, "Mwanangu, nipe ile dawa ya siku tatu." Kijana wa dukani hakuuliza cheti cha daktari, wala hakuuliza kama mama ana ugonjwa wa moyo au anameza dawa nyingine. Alitaja bei tu. Fedha ya mama haikutosha. Kijana akashika mkasi, akakata vidonge viwili, akampa. Mama akashukuru, akaenda zake.

Wananchi, mambo haya twayaona kila siku hata tumeyazoea. Lakini mazoea yana taabu.

Dawa ile ni azithromaisini, ya ukoo wa makrolaidi, na kazi yake ni kupigana na bakteria. Mkubwa wa ukoo huo ni erithromaisini. Mwaka 1949 daktari wa Ufilipino, Abelardo Aguilar, alichukua udongo wa Iloilo akaupeleka Marekani kwa kampuni ya Eli Lilly iliyomwajiri. Mwaka 1952 dawa ikapatikana katika udongo huo. Kampuni ilitajirika; Aguilar alifariki mwaka 1993 bila ya kupata sehemu ya faida aliyoidai. Azithromaisini nayo ilitengenezwa mwaka 1980 mjini Zagreb, katika Yugoslavia ya siku zile. Basi dawa hizi ni jasho la watu; hazikuanguka kutoka mbinguni.

Na faida yake ni kubwa. Hutibu nimonia na kifaduro, na humfaa mgonjwa ambaye mwili wake unaikataa penisilini. Hapa Tanzania azithromaisini imegawiwa bure vijijini kupigana na vikope, ugonjwa uliopofusha wazee wetu wengi.

Lakini mafua huletwa na virusi, na makrolaidi haiui virusi. Hata kwa Covid-19, jaribio kubwa la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 2021 lilionyesha kwamba azithromaisini haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa. Basi mama yule alinunua nini?

Huenda alinunua madhara. Dawa za ukoo huu zaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mwaka 2013 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya azithromaisini kwa sababu hiyo. Erithromaisini na klarithromaisini hulizuia ini lisizivunje dawa nyingine. Mzee anayemeza simvastatini ya kupunguza mafuta katika damu aweza kuharibika misuli. Mwenye kifafa anayemeza karbamazepini, dawa humzidi mwilini ikawa sumu. Mtoto mchanga akipewa erithromaisini katika majuma mawili ya kwanza, njia ya kutokea tumboni yaweza kuziba. Ndiyo sababu yafaa kuulizwa kabla ya kupewa.

Tena hasara haiishii kwa mnunuzi. Kila dawa inapomezwa bure, bakteria dhaifu hufa, wakaidi wakabaki na kuzaana. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani waliuawa na bakteria waliokwisha kushinda dawa, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha idadi ya watu. Shirika la Afya Duniani limeziweka makrolaidi katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Sisi twazikata kwa mkasi!

Watasema wengine: maskini afanye nini? Zahanati iko mbali, foleni ni ndefu, na duka liko mlangoni. Hilo ni kweli, wala mimi simlaumu mama yule. Alifanya alichoweza. Lawama ni ya anayeuza huku akijua, na ya sisi sote tunaonyamaza.

Yatupasa basi tufanye haya. Mnunuzi aseme bila kuulizwa: nina moyo, nina mimba, nameza dawa hizi. Akiandikiwa dawa, azimeze zote kama alivyoagizwa, wala asimgawie jirani. Muuza dawa akumbuke kwamba dawa hizi ni za cheti, na mwenye mafua amwambie anywe maji, apumzike, na akishindwa kupumua au homa ikizidi aende hospitali upesi. Serikali nayo isiishie kukagua maduka; ipeleke waganga na vipimo karibu na watu, ili cheti kisiwe anasa ya wenye nacho.

Tukizembea, siku moja dawa hii haitafaa kitu. Hapo tutakwenda tena kwa wageni kuomba nyingine, nao watataja bei waitakayo. Siku hiyo mama yule hatapata hata vidonge viwili.