Sala isiyosubiri kazi ziishe

Saa kumi na moja alfajiri mama anatoka chumbani taratibu asiwaamshe watoto. Anawasha jiko la mkaa, anabandika maji ya chai, kisha anarudi ndani kumgeuza mama mkwe wake, ambaye hainuki kitandani tangu apate kiharusi. Jua linapochomoza ameshafua mashuka, amepika uji na kuwavalisha watoto sare za shule. Ni mwezi wa tatu sasa hajahudhuria jumuiya. Usiku akishika Biblia, usingizi unamchukua kabla hajamaliza mistari miwili. Moyoni anajiuliza kama yeye bado ni Mkristo.

Akina mama wa namna hii wako katika nyumba nyingi. Hawajaacha kuamini, wamechoka. Kinachowaumiza zaidi ya uchovu ni kudhani kwamba Mungu anawasubiri kanisani tu, na wao hawana nafasi ya kwenda.

Miaka mingi iliyopita huko Ufaransa aliishi mtu aliyeijua hali hiyo. Nicolas Herman alikuwa askari, akaumia vitani, akabaki anachechemea. Mwaka 1640 aliingia katika monasteri ya Wakarmeli jijini Paris, akaitwa Bruda Lawrence. Pengine alitazamia maisha ya utulivu na sala ndefu. Akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo. Akakaa humo takriban miaka kumi na mitano, baadaye akahamishiwa kushona viatu vya wenzake.

Katikati ya sufuria na kelele za jikoni alijizoeza jambo moja: kuzungumza na Mungu kwa maneno machache akiwa anafanya kazi. Hata kugeuza chakula kwenye kikaango alikufanya kwa kumpenda Mungu. Siku alipojisahau, hakujilaumu kutwa nzima. Aliomba msamaha, akaendelea. Mwishowe hakuona tena tofauti kubwa kati ya saa ya sala na saa ya kazi.

Injili nayo inalionyesha jambo hili wazi. Katika Yohana sura ya 21, wanafunzi wamevua usiku kucha wakachoka. Wanaposhuka pwani wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Aliyewaandalia ni Yesu mwenyewe, tena baada ya kufufuka. Bwana aliyeshinda mauti hakuona aibu kukaa mbele ya makaa kwa ajili ya watu wenye njaa.

Basi mama anaweza kuanza na kazi moja tu. Akiwasha jiko, ashukuru kwa kuamka salama. Akimgeuza mgonjwa, amwombee kwa jina lake. Akikunja nguo za mtoto, amkabidhi mtoto huyo kwa Mungu. Hahitaji maneno mazuri wala kupiga magoti. Siku nyingine hatahisi chochote, na hilo lisimtishe, kwa sababu hata mazungumzo ya mume na mke si kila siku yana utamu.

Lakini hapa familia isijidanganye. Kumwambia mama asali jikoni, kisha kumwachia jiko lote peke yake, si imani. Mgonjwa aliye kitandani ni mama mzazi wa baba mwenye nyumba. Baba akimlisha uji mama yake Jumapili moja, mke wake akapata kwenda ibadani, naye atakuwa amesali kwa mikono yake. Watoto wakubwa wakiosha vyombo bila kusukumwa, nao wanajifunza kuwa Mungu hahudumiwi kwa nyimbo tu. Sala ya jikoni haikuletwa ili iondoe ibada ya pamoja. Mkristo bado anawahitaji wenzake, na wenzake wa jumuiya nao wangefanya vema kumfuata mama huyu nyumbani kwake badala ya kuuliza kwa nini haonekani.

Kesho saa kumi na moja mkaa utawashwa tena, na mgonjwa atasubiri kugeuzwa. Kazi haitapungua. Ila mama akijua kwamba hayuko peke yake pale jikoni, hatakuwa na haja ya kujiuliza tena kama Mungu amemsahau.