Goma: Hiyo Porsche itakimbilia wapi?

Mjini Goma vijana wengi wanatembea na picha ya Porsche 911 ndani ya simu. Wakiona Mercedes 240D ya zamani wanacheka: «Hiyo ni gari ya babu!» Kicheko hicho hakina msingi.

Ni kweli, kwa mbio hakuna mashindano. Porsche 911 Carrera ya mwaka 2019 inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4 na kidogo, na mwisho wake unapita 290. Mercedes 240D ya aina ya W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1985, haifiki hata 150. Kwa breki na kwa kulinda abiria, gari jipya linashinda pia. Anayekataa hayo anajidanganya.

Lakini gari linanunuliwa kwa barabara gani? Porsche iko chini sana: mtaa mmoja wa mawe ya volkano unatosha kupasua tumbo lake. Inataka petroli safi, si ile ya chupa za kadhafi. Ikizimika, fundi asiye na kompyuta atashika kichwa. 240D inakula mazutu, mota yake haina kompyuta, na fundi wa mtaa anaifungua kwa funguo zake.

Baba anayeuza kiwanja cha watoto ili anunue mbio, ananunua kitu asichoweza kutumia. Gari bora ni lile linalofikisha mgonjwa hospitali usiku. Wanaopenda mbio waanze kwanza kudai barabara.